Tanga hadi Pangani na kurudi kwa baiskeli: maswali ninayoulizwa kila siku

Tangu niende Pangani kwa baiskeli, kwenda na kurudi siku moja, sipiti kibaraza bila kuulizwa. Wengine wanauliza kwa dhati, wengine kwa kejeli, na kuna mzee mmoja anayetaka tu kujua nilikuwa nakimbia deni gani. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja.

Mnijue kwanza. Mimi si mwanamichezo. Ni karani wa ghala, nina miaka 43, kitambi cha wastani, na baiskeli ile ile ninayoendea kazini. Safari hii niliijaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa, na sehemu kubwa ya ninachokijua nilikipata siku ile.

Safari ndefu ni kilomita ngapi hasa?

Inategemea unamuuliza nani. Wapo waendesha baiskeli wa masafa, Ufaransa na kwingineko, ambao safari zao rasmi zinaanzia kilomita 200, nao hupewa saa 13 na nusu kuzimaliza. Hao tuwaache na mambo yao. Kwa mtu ambaye safari yake kubwa ni kutoka Chumbageni kwenda sokoni Ngamiani, kilomita 100 kwa siku zinatosha kabisa kuitwa ndefu. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, zinapungua au kuongezeka kidogo kulingana na mtaa unaotokea. Kwenda na kurudi, hesabu yako imetimia.

Lazima ninunue baiskeli ya gia?

Hapana. Mimi ninayo ile nyeusi ya Kichina, haina gia, ina keria nyuma na uzito wake unakaribia kilo 20. Ilifika. Zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na gia tatu, nazo zinafika, tena kwa raha zaidi. Njia ya pwani haina milima ya maana.

Kinachohitajika ni baiskeli iliyo nzima. Magurudumu yazunguke bila kuyumba, spoki zisiwe zimelegea, goroli ziwe na grisi, mnyororo uwe na mafuta, breki zishike mbele na nyuma. Mpelekee fundi siku tatu au nne kabla, wala usiipeleke jioni ya kuamkia safari. Chochote ambacho fundi amekigusa kinataka kujaribiwa kwanza hapa mjini. Mimi niliwahi kubadilishiwa pedali na kijana anayejifunza kazi. Pedali ya kushoto hufungwa kinyume, yaani unazungusha upande ambao kwa skrubu nyingine ungekuwa unafungua. Yeye akaikaza kama ya kulia, kwa nguvu zake zote, akala uzi wa chuma ndani ya mkono wa pedali. Nilikuwa sijafika hata Mabanda ikang'oka mguuni. Ingening'okea huko mbele mikongeni, ningekuwa nasukuma mpaka leo.

Jambo la pili ni tandiko. Watu wengi mjini wameliweka chini mno ili miguu yote ifike ardhini wakisimama. Kwa kwenda dukani ni sawa, ila kwa kilomita 100 magoti yatakulaani. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukirudi kukanyaga kwa kidole gumba cha mguu kama kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa nini Pangani? Kwa nini isiwe Muheza au Segera?

Muheza ni lami safi na ni kilomita 35 hivi tu, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 70. Ninaipenda kama mtihani wa majaribio, hasa msimu wa machungwa. Lakini ile ndiyo njia ya mabasi na malori yote yanayoingia na kutoka Tanga. Unaendesha huku shingo imekakamaa, unasikiliza nyuma muda wote.

Njia ya Pangani ina nafasi ya kupumua. Unatoka mjini kuelekea kusini, unapita minazi na mikonge, unafika Tongoni penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, halafu Kigombe kwa wavuvi, halafu mashamba tena mpaka unaona maji ya mto. Miaka yote ilikuwa barabara ya vumbi na kokoto, na mradi wa lami umekuwa ukiibadilisha kipande kwa kipande. Kabla ya kwenda muulize dereva yeyote wa magari ya Pangani hali ikoje wiki hiyo, maana kifusi kibichi baada ya mvua ni balaa kwa tairi nyembamba.

Sababu nyingine ni ya kitoto kidogo: unafika mahali penye mwisho. Mbele yako ni Mto Pangani na kivuko cha kwenda Bweni, huwezi kujidanganya uongeze "kidogo tu". Unageuza. Na Tanga yenyewe si ndiyo ya waja leo waondoka leo?

Niende mwezi gani?

Hili ndilo swali ambalo laiti ningeliuliza mimi mwenyewe kabla ya jaribio la kwanza. Vijana wakilisikia hudhani nazungumzia mvua. Mvua ni jambo dogo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiende, basi. Mazungumzo hapa ni upepo.

Mvuvi yeyote wa Deep Sea au Kigombe atakueleza: kuanzia Desemba hadi Machi inavuma kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na kuanzia Mei au Juni mpaka Septemba hivi inavuma kusi, wa kutoka kusini. Sisi tunaokaa mjini tunaona ni habari za majahazi. Lakini barabara ya Pangani inakwenda kusini, sambamba na pwani, kwa hiyo upepo wa majahazi ndio huo huo wa baiskeli.

Mimi nilikwenda Januari. Niliondoka alfajiri, nikaona naruka. Tongoni nilipita bila kugundua, Kigombe sikusimama, Pangani nikaingia mapema kuliko nilivyopanga, sijachoka, natabasamu peke yangu. Nikanywa dafu, nikampigia simu mke wangu nikamwambia nitarudi mchana kula. Niliamini kabisa kwamba ni miguu. Kumbe kaskazi ilikuwa imenibeba mgongoni njia nzima.

Nikageuza saa tano. Kilomita ya kwanza tu nikajua. Upepo wa pwani huongezeka nguvu jua linavyopanda, kwa hiyo ule wa alfajiri ulionisukuma kwa upole sasa ulikuwa umekomaa na umenikabili usoni. Hesabu yake ni hii: ukiwa unakwenda kilomita 15 kwa saa na hewa imetulia, kifua chako kinapambana na hewa ya mwendo wa 15. Ukikabiliwa na upepo wa 15, kifua kinapambana na 30. Hewa ikikujia kwa kasi maradufu, mgandamizo wake hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Ndiyo maana huoni kitu, barabara imenyooka, hakuna mlima, na bado unahisi mtu ameshika keria. Nilikata roho karibu na Kigombe. Mengine nimeyaeleza chini kwenye swali la kushindwa.

Mara ya pili nilikwenda Julai, kwenye kusi. Asubuhi unaikuta mbele yako lakini bado imelala, unakwenda nayo taratibu huku miguu ikiwa mipya. Mchana inaamka, nawe umeshageuza, iko mgongoni. Jua la Julai nalo si lile la Januari. Kwa hiyo jibu ni Juni hadi Septemba, na anza kwa kuukabili upepo. Ukiwa unaanzia Pangani kuja Tanga na kurudi, geuza hesabu.

Nitaanza saa ngapi na kufika saa ngapi?

Mimi nilitoka saa kumi na mbili kasorobo alfajiri nikiwa na taa, nikafika Pangani saa nne kasoro dakika chache, pamoja na kusimama mara tatu. Nikapumzika hadi saa nane. Nilikuwa nyumbani kabla ya magharibi. Kwa baiskeli nzito piga hesabu ya kilomita 15 kwa saa, na usione haya ikiwa 12.

Nijiandae kwa muda gani?

Kama tayari unaendesha kila siku kwenda kazini, wiki sita hadi nane zinatosha. Kama baiskeli umeazima jana, weka miezi mitatu.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Siku mbili za katikati ya wiki, saa moja moja baada ya kazi, mjini tu: Raskazone mpaka Kange na kurudi inatosha. Kisha siku moja ya mwisho wa wiki ndiyo ya kurefusha. Anza na Amboni kwenye mapango, ambayo kwenda na kurudi hayafiki kilomita 20. Wiki inayofuata Pongwe. Kisha Tongoni, kama 40 kwenda na kurudi. Rudia Tongoni wiki nyingine, bila kuongeza. Kisha Muheza, 70. Ukimaliza Muheza na kesho yake unaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, umeiva. Wiki ya mwisho pumzika. Usijaribu kufanya ya 100 kwa siri ili uhakikishe, utakuwa umeimaliza safari yako bila shahidi.

Makalio yanauma. Ni kawaida?

Kawaida kabisa, na kila mtu huuliza hili mwishoni kwa sauti ya chini.

Kuna maumivu ya aina mbili. La kwanza ni la mifupa miwili unayoikalia. Hilo linaisha lenyewe baada ya wiki tatu nne za mazoezi, mwili unazoea. Usilitibu kwa kuongeza sponji juu ya tandiko, maana sponji nene huzama, na ukizama unabanwa pasipotakiwa kubanwa. La pili ni la kuchubuka ngozi kwa msuguano na jasho, na hilo halizoeleki, linazidi tu. Dawa yake ni mafuta ya mgando, yapakwe mapema mapajani na kila panaposuguana, na nguo isiyo na mshono mnene katikati. Jinzi iache nyumbani. Ukiwa na kaptura ya baiskeli yenye pedi, ivae bila chupi ndani. Najua inasikika vibaya, lakini mshono wa chupi ndio unaochuna.

Na kila baada ya dakika ishirini simama juu ya pedali kidogo, hesabu mizunguko kumi, ukae tena. Bila hivyo hata mafuta hayatakusaidia.

Nile nini?

Chakula cha usiku wa kuamkia, wali au ugali wa kutosha, maharage kidogo (kidogo!), mapema. Alfajiri mimi nilikunywa uji na vitumbua viwili.

Njiani usisubiri njaa. Njaa ya baiskeli haiji kama ya kawaida. Ya kawaida inabisha hodi. Hii inavunja mlango. Unakwenda vizuri, ghafla mikono inatetemeka, kichwa kinakuwa chepesi, unakasirikia mbuzi aliyesimama barabarani. Ni sukari mwilini imeisha. Ukifika hapo itakuchukua muda mrefu kurudi hali yako. Kwa hiyo kula kidogo kila baada ya nusu saa au dakika 45 hata kama huna hamu: ndizi mbivu, tende, kashata, kipande cha muhogo wa kuchoma. Tende ndizo malkia wa njia hii, haziharibiki na joto, unaweka mfukoni, kokwa unatema. Chapati zinalala tumboni. Zile ule Pangani.

Pangani kula samaki na wali, ila nusu ya ile unayoitamani, kisha lala kivulini.

Maji kiasi gani?

Nusu lita hadi lita nzima kwa saa, kutegemea jua na jasho lako. Beba lita mbili, jaza tena Kigombe. Jasho linaondoka na chumvi, kwa hiyo maji matupu siku nzima hayatoshi. Mchanganyiko ule ule wa watoto wanaoharisha unafaa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 bapa vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: usizidi chumvi ya machozi. Mimi nakamulia na ndimu, vinginevyo hainyweki.

Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Pancha nikiwa mikongeni, nafanyaje?

Unaziba. Kwa hiyo jifunze kabla, mara tatu nne uani kwako, mpaka mikono izoee. Fundi wangu alinifundisha bure kwa sharti kwamba nisiwaambie wateja wake wengine, na ndio hivi nawaambia.

Geuza baiskeli, ikae juu ya usukani na tandiko. Kama valvu yako ni ile ya kizamani yenye kimpira chembamba ndani, kwanza angalia hicho kimpira. Mara nyingi ndicho kilichochoka, na watu wanang'oa tairi zima bure. Beba vipande viwili vya akiba, havina uzito wala gharama. Kama ni tyubu, toa upande mmoja wa tairi kwa vyuma vyake au mpini wa kijiko, usitumie bisibisi yenye ncha maana utaongeza tundu la pili. Vuta tyubu, jaza upepo kidogo. Fundi ana beseni la maji. Wewe huna, kwa hiyo ipitishe taratibu karibu na mdomo wako. Ngozi ya mdomo inasikia upepo ambao sikio halisikii.

Ukilipata tundu, lisugue kwa msasa, paka gundi ya kuzibia pana kuliko kiraka, kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gundi lazima ikauke mpaka ukiigusa pembeni haikunatii kidoleni. Wakati unangoja, pitisha kidole ndani ya tairi, polepole, utafute kilichochoma. Ukikiacha humo utaziba tena baada ya mita mia. Kisha bandika kiraka, kandamiza kwa nguvu zako, rudisha, jaza.

Mara nyingi kilichochoma ni mwiba wa kichaka au ncha ya jani la mkonge lililoanguka kutoka kwenye trela. Lawama mpelekeeni Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Inasemwa ilisafirishwa miche elfu moja na iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kule kule Pangani. Kutoka hiyo 62 ndipo tukapata mashamba yote haya, na pancha zangu mbili. Ila haki yake tumpe: bila upepo ndani ya tairi kusingekuwa na pancha, na hilo ni la daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, aliyelitengeneza Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Jambo la kuongeza: jaza tairi vizuri kabla ya kutoka. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Tairi legevu linachoka miguu, na likiingia kwenye shimo rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayolingana, kama kung'atwa na nyoka.

Nibebe nini kingine?

Pampu, viraka, gundi, tyubu moja mpya uliyoikagua (mimi niliuziwa dukani mpya yenye tundu, nikaligundua nyumbani kwa bahati), spana ya nati za magurudumu, kamba ya mpira, taa mbele na nyuma, kofia ngumu, simu yenye chaji, hela ndogondogo, kitambulisho. Vyote viende kwenye keria. Begi mgongoni litakuivisha.

Malori na mabasi?

Kaa kushoto, lakini usijibanze ukingoni kabisa kwenye mchanga, maana hapo ukiyumba unaangukia barabarani. Vaa nguo ya kung'aa. Weka kioo kidogo kwenye usukani, ni kitu bora nilichowahi kununua kwa bei ile. Gari kubwa likikupita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta kuelekea kwake. Shika usukani imara bila kukaza mabega. Na mkipishana basi mbele, basi nyuma, nawe katikati, shuka chini ya barabara. Hakuna zawadi ya kubaki juu ya lami.

Masikioni usiweke muziki.

Mimi ni mwanamke, na mama mkwe anasema ni aibu.

Dada yangu, hii ni Tanga. Wanawake wanapanda baiskeli hapa kwenda sokoni na kazini tangu sisi tukiwa watoto, na wapo mabibi wanaotupita kwa kasi. Sidhani aibu ni baiskeli yenyewe. Labda ni kwenda mbali bila sababu ya mtu kuumwa au kuolewa. Hilo siwezi kukusaidia, ila najua binti mmoja wa mtaa wetu aliyemwambia shangazi yake kwamba anakwenda Pangani kusalimia ndugu, na kweli akaenda akawasalimia.

Upande wa mavazi: suruali laini ndani, na dira au baibui ipandishwe na kufungwa ili pindo lisiingie kwenye mnyororo. Fremu ya kike isiyo na bomba la juu inafaa, na kifuniko cha mnyororo kiwepo. Tandiko lako liwe pana kidogo kuliko la mwanamume, kwa kuwa mifupa ya kukalia imeachana zaidi.

Naweza kufanya mazoezi nikiwa nimefunga?

Mazoezi mepesi ya kulinda miguu, ndiyo: nusu saa kabla ya magharibi ili ukirudi ukute futari, au baada ya tarawehe kama una taa nzuri. Safari ndefu, hapana. Mwili unaotoka jasho saa tisa bila tone la maji hauna cha kukuonyesha zaidi ya kizunguzungu. Subiri Idi ipite, na kama unafunga sita zimalize kwanza, kisha anza tena na Amboni.

Nina kisukari au presha. Nimechelewa?

Muone daktari kwanza, mwambie kilomita na saa, usimwambie tu "mazoezi". Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anahitaji maelekezo yake mwenyewe, kwa kuwa kukanyaga pedali kunashusha sukari, wakati mwingine hata saa kadhaa baada ya kushuka kwenye baiskeli. Abebe glukosi mfukoni na asiende peke yake. Maumivu ya kifua, simama, tafuta gari, hakuna mjadala.

Niende peke yangu au na wenzangu?

Wawili ni bora. Mnapokezana kukabili upepo: wa nyuma akikaa karibu na gurudumu la wa mbele anapumzika kweli. Watatu sawa. Kuanzia watano, kila saa kuna mmoja anayetaka kukojoa na mwingine anayetaka picha. Na chagua mwenzako kwa mwendo wake; urafiki pekee hautoshi. Rafiki yangu wa utotoni anaanza kila safari kama anakimbiza mwizi. Nampenda, ila siendi naye.

Nikishindwa katikati je?

Nilishindwa, sikufa. Ile Januari, mbele kidogo ya Kigombe, nilishuka nikasukuma. Kisha nikakaa chini ya mwembe. Kisha nikagundua siwezi kuinuka kwa sababu paja la kulia limebanwa na msuli, gumu kama jiwe. Maji yalikuwa yamebaki funda mbili, na simu ilikuwa na chaji ya kumwambia mke wangu kwamba chakula cha mchana asinisubiri, ikazima.

Ikapita pikapu ya samaki inakwenda mjini. Dereva hakuniuliza kitu. Alishuka, akaitupa baiskeli juu ya matenga, akanipa chungwa, akasema, "Shikamoo ya baiskeli ni marahaba ya gari." Sijui kama ni methali au aliitunga pale pale. Nilinuka nguru siku mbili.

Kwa hiyo panga kushindwa kabla hujaondoka. Jua magari ya Pangani na Tanga yanapita saa ngapi, beba nauli yako na ya mzigo, na mpe mtu nyumbani saa ambayo usipofika akutafute. Wenye mabasi madogo hupakia baiskeli juu ya keria. Patana bei kabla haijapanda, maana ikishapanda bei nayo inapanda.

Ile mara ya pili ulijuaje kwamba utamaliza?

Sikujua. Ila nilipofika Kigombe nikirudi, niliutafuta ule mwembe. Nilikuwa nimejiahidi nitasimama pale ninywe maji kwa heshima. Nilipouona nilikuwa nakwenda vizuri sana, kusi iko mgongoni, nikaona nikisimama nitavunja mwendo. Nikaupungia mkono.

Baada ya Pangani, wapi?

Horohoro mpakani ni lami, kama kilomita 65 kwenda tu, kwa hiyo rudi na basi mara ya kwanza. Amani, juu ya Muheza, ni jambo jingine: unapanda msituni mpaka mita 900 hivi juu ya bahari, na baiskeli isiyo na gia utaisukuma nusu ya njia. Mimi nimeshaongea na fundi kuhusu gia. Amesema nimletee hela kwanza, gia tutaongea baadaye.